Kikomo cha Betri ya Mama

Mtaani walimwita Nukta. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na midomoni mwa ndugu zake wawili. Sisi wengine, mama akiwemo, tulimwita Nukta, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa kupima, na vipimo vyake havikukosa nukta. Ukimsalimia, "Vipi hali, Nukta?" atakujibu, "Tatu nukta saba," bila hata kutabasamu. Maana yake hajambo sana. Seli ya betri yenye volti tatu nukta saba haijavimbiwa wala haina njaa.

Alikuwa fundi wa betri. Ukimwita fundi umeme ananuna siku nzima. Kibanda chake kilikuwa na upana wa kitanda cha watu wawili: meza iliyoungua ungua, taa, mita ya kupimia, na makopo yaliyojaa seli hadi darini. Alinunua betri chakavu za laptopu kutoka maofisini, akazipasua kwa koleo, akatoa seli zake sita sita, kila moja ndefu kama kidole cha kati. Watu wanadhani betri ikifa imekufa yote. Baba alijua kwamba mara nyingi imekufa seli moja tu, na tano zilizobaki zinatupwa kwa kesi isiyo yao.

Kila seli aliipima, akaiandika volti zake ubavuni kwa kalamu ya wino, akaiweka rafuni wiki mbili, akaipima tena. Iliyoshuka yenyewe ilitolewa. Na ile aliyoikuta chini ya volti mbili aliipaka rangi nyekundu kichwani na kuitia kwenye ndoo ya mchanga, hata ungempigia magoti. "Hii wameinyonya mpaka ikaisha," alikuwa akisema. "Shaba ya ndani imeshayeyuka, imehama. Ukiichaji itakubali, itakuchekea, halafu siku moja itakuchomea nyumba."

Ndiyo maana kila betri aliyoiunda aliifunga bodi ndogo ya kijani. Kazi ya bodi ni moja: volti zikishuka hadi kikomo ulichoiwekea, inakata umeme, chap, hata kama bado umebaki kidogo ndani. Baba aliiita askari. Wateja walimchukia huyo askari kuliko mbu.

Nakumbuka bwana mmoja wa kusambaza mizigo kwa baiskeli ya umeme. Alikuja kibandani amefura.

"Nukta, betri yako inanizimikia mlimani kila siku, na najua bado ina nguvu. Niondolee hicho kidubwana chako."

"Wewe ukichoka unapumzika, au unasubiri ufe ndiyo upumzike?"

"Mimi siyo betri, mzee."

"Ndiyo maana sijakufunga askari."

Yule bwana akaenda kwa fundi mwingine, askari akarukwa kwa kipande cha waya, na mlima ukapandika. Baada ya mwezi mmoja alirudi na betri imevimba kama mto wa kulalia. Sikio la kufa halisikii dawa. Baba hakumcheka, nilimcheka mimi kwa niaba yake, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu pale kibandani kabla sijajua kushona.

Mama alikuwa mtu wa kiwanda cha vigae. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye lile vumbi jeupe, akirudi nyumbani na kope zimepauka, na sisi watoto tukiona ni jambo la kuchekesha. Vumbi lile halikuwa likibaki kwenye kope tu. Alipofika miaka hamsini na nne alikuwa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Nikafunga chumba changu cha kupanga, nikabeba cherehani yangu, nikarudi nyumbani kumwuguza.

Daktari alituita kwenye korido, mimi na baba. Akatwambia mapafu yamekauka, hayatarudi. Atahitaji mashine ya oksijeni usiku na mchana. "Miezi sita," akasema. "Akijitahidi, minane."

Baba akamwuliza, "Hiyo mashine inakula wati ngapi?"

Mungu anisamehe, nilitaka kumzaba kibao. Mkewe anahesabiwa miezi, yeye anauliza wati. Ilinichukua muda kuelewa kwamba katika maneno yote yaliyosemwa pale, wati ndicho kitu pekee ambacho angeweza kukifanyia jambo.

Umeme wa kwetu ulikuwa ukikatika mara mbili tatu kwa wiki, saa moja, pengine mbili. Hospitali ilitupa mtungi mdogo wa akiba ambao haukumaliza hata saa nzima. Kwa hiyo baba akaunda betri. Alichagua seli mia moja na arobaini, zile alizokuwa amezificha rafu ya juu kwa miaka kama bibi anavyoficha vikombe vya wageni, akazipanga, akazilehemu moja moja, akazifungia kwenye boksi la bati. Ilichukua wiki tano. Alilehemu akiwa amekaa chini sebuleni, karibu na kitanda cha mama, kwa vile mama alisema harufu ya lehemu ni afadhali kuliko harufu ya dawa. Mama alikiita kile kiboksi mke mwenzangu. "Angalia anavyomshika," aliniambia. "Mimi hajanishika hivyo tangu wewe uzaliwe."

Siku ya kufunga bodi nilikuwepo, nashona. Kikomo cha kawaida kwa seli zile, nilikuwa najua, ni mbili nukta nane, au tatu kwa mwoga. Baba akaiweka bodi tatu nukta tatu.

"Baba, si unajinyima muda wa mashine?"

"Kidogo. Seli isiyofikishwa chini hudumu. Hii itakaa miaka kumi."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Miaka kumi! Basi huyo utakayemwoa atakuta kila kitu tayari."

"Utaitumia wewe," baba akasema, na hakuinua kichwa.

Nikarudisha macho kwenye kitambaa changu. Daktari alisema miezi sita, na baba alimsikia kama nilivyomsikia mimi. Halafu akaja nyumbani akaunda kitu cha miaka kumi. Siku ile niliona ni ukaidi wa mzee, nikaudhika, nikakosea mshono.

Kisha akafunga kifuniko kwa skrubu nane, na juu yake akamwaga gundi. Alijua watu. Alimjua binti yake pia, mwenye papara. Hakutaka siku moja mtu amruke askari kwa ajili ya kupata dakika mbili za ziada, akaharibu kazi ya miaka.

Betri ilifanya kazi. Umeme ukikatika mashine haikushtuka hata kidogo. Ilikuwa ikinguruma vilevile, na mama akiendelea kunisema kuhusu watu niliowakataa. Ilikuwa na uwezo wa saa tatu na kitu, na umeme haukuwahi kukawia hivyo. Miezi sita ikapita. Ukaingia wa saba. Baba akaanza kutembea kifua mbele, akimtazama daktari kama mtu aliyemshinda kwenye bao.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mtungi wa akiba ulikuwa umekwisha, uko hospitali unasubiri kujazwa, tumeambiwa kesho. Baba alikuwa ameondoka asubuhi kwenda upande wa pili wa mji, kuna ofisi inauza laptopu mbovu. Saa tano umeme ukakatika. Betri ikachukua kazi. Saa sita, saa saba, bado. Saa nane nikaanza kuzunguka chumbani, na mama akaniambia nikae, namtia kizunguzungu.

Saa nane na dakika nne mashine ikalia mlio mrefu, ikanyamaza.

Nilipiga simu. Baba akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Imezima?"

"Imezima."

"Umeme?"

"Bado."

Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu mtu aliyekuwa akifukuza wateja kwa neno hilo akalitamka mwenyewe. "Mruke askari. Fungua boksi, utaona waya mbili nyeusi, nene. Zikutanishe."

"Baba, umelimwagia gundi!"

"Tumia kisu. Tumia chochote. Vunja. Nakuja."

Nilipiga magoti mbele ya lile boksi. Kisu cha jikoni kikapinda. Nikachukua mkasi wangu wa kushonea, nikakwangua gundi, nikatoa skrubu ya kwanza, nikatoa ya pili. Ya tatu ikaliwa kichwa, ikawa inazunguka bure. Nilikuwa nalia na kutukana, matusi ambayo mama hakujua kama nayajua.

"Acha," mama akasema.

"Bado kidogo, mama."

"Acha hilo boksi, mwanangu. Njoo hapa."

Nikaacha. Mpaka leo najiuliza kama ningemkatalia. Nilipanda kitandani nikakaa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu, nimshikilie wima, kwa kuwa akilala ilikuwa vibaya zaidi. Alikuwa akihema kama mtu anayepanda ngazi zisizokwisha. Midomo ilibadilika rangi. Akanishika kidole gumba, siyo mkono, kidole tu.

"Mwambie baba yako asikimbie," akasema. "Atavunjika miguu, mzee yule."

Hakusema kingine. Nilimsikia akipunguza, akipunguza, na mimi nikihema kwa nguvu nyuma yake kana kwamba ningeweza kumwazima.

Halafu umeme ukarudi. Mashine ikalia, ikaanza kunguruma yenyewe, ikapuliza hewa kwenye ule mpira uliokuwa umelala juu ya kifua chake. Nikaitazama saa ya ukutani. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu sikutaka kutazama mahali pengine. Saa nane na dakika kumi na nane. Zilikuwa zimepita dakika kumi na nne, na mama alikuwa ameshakwenda. Sikuizima mashine. Nilikaa hivyohivyo nimemshika, hewa nzuri inapulizwa bure.

Baba alifika saa tisa kasoro dakika chache, amevua viatu, ameshika kimoja mkononi. Alisimama mlangoni akasikia mashine inanguruma, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Hiyo ndiyo picha ambayo ningelipa chochote isiwe nimeiona. Ilibidi nimwambie.

Tulizika. Watu walikuja wakaondoka. Nami nikabaki na hasira ambayo sikujua niitue wapi. Mchana nilishona, na kila mshono nilikuwa nikisema naye kimoyomoyo: tatu nukta tatu, baba. Ungeweka mbili nukta nane. Miaka kumi ya nini? Nani alikuomba miaka kumi? Nilikuwa nimeibeba ile kumi na nne kama kaa la moto kwenye kiganja, nikisubiri siku ya kumrushia. Yeye hakuniuliza chochote kuhusu siku ile. Alikwenda kibandani, akarudi, akala kidogo, akalala. Kama mtu angemwuliza hali angejibu "Namshukuru Mungu," na aliyemzoea alijua basi hapo hali ni mbaya.

Wiki ya sita nilikuwa narudi kutoka kupeleka sare za shule kwa mteja. Nilipofika mlangoni nikasikia mashine ya oksijeni. Kwa kitambo kidogo, naona aibu kusema, niliamini kwamba yupo ndani, ameegemea mto, ananisubiri anisute kwa kuchelewa.

Ndani alikuwa baba, kwenye kigoda, kando ya kitanda kisicho na shuka. Kifuniko cha boksi kilikuwa kimeng'olewa. Ameshika ule mpira wa hewa, unampulizia kiganjani.

"Niliijaza jana," akasema bila kugeuka. "Nimeianza saa tano."

Nikaelewa. Alikuwa anairudia ile siku. Nikavuta kiti changu cha cherehani, nikakaa. Saa nane na dakika mbili askari akakata, mashine ikalia, ikanyamaza. Baba akainama, akakutanisha zile waya mbili nyeusi kwa koleo, mashine ikaamka. Akatazama saa.

Dakika tano. Dakika kumi. Nilikuwa naomba izime. Sijawahi kuomba kitu kwa moyo wote kama nilivyoomba mashine ile ife kabla ya kumi na nne. Kumi na mbili. Kumi na nne ikapita, mashine inanguruma tu, hewa inaendelea kumpulizia kiganja. Mimi nilijua maana yake. Na baba, nilidhani, hakujua, kwa sababu ni mimi pekee niliyeitazama saa ile ya ukutani.

Ilizima yenyewe baadaye sana.

"Ishirini na tatu," akasema, akaweka mpira juu ya kitanda kwa uangalifu, kama vile kitanda kina mtu.

Seli zile hazikufaa tena. Alizokwisha kuzinyonya hivyo asingezichaji, hata hizi. Kesho yake alizitandaza zote mia moja na arobaini mezani kibandani, akafungua kopo la rangi nyekundu, akanipa brashi moja, yeye akashika nyingine. Tukapaka kichwa kimoja kimoja. Tulipofika kama nusu, akasema, macho yake yakiwa kwenye kazi:

"Siku ile. Kutoka betri ilipozima hadi umeme kurudi, ilikuwa muda gani?"

Ndiyo nafasi niliyokuwa naisubiri. Kaa langu lilikuwa tayari. Nikamtazama: rangi imemwingia kwenye kucha, fulana imemzidi ukubwa, mtu amekonda kwa wiki sita kuliko mama alivyokonda kwa mwaka. Na hasira yangu yote ikanitoka, nikabaki na baba yangu tu.

"Arobaini," nikasema.

"Dakika arobaini?"

"Arobaini, au zaidi kidogo."

Brashi yake ilisimama juu ya seli. Tone likadondoka mezani.

"Basi isingetosha," akasema.

"Isingetosha, baba. Hata kidogo."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kupaka. Nilijiona nimefanya jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilimdanganya mzee wangu mchana kweupe, na nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Baada ya hapo aliishi miaka saba. Aliendelea na betri. Mteja akija, swali lake la kwanza likawa, "Ni ya nini?" Ikiwa ni ya baiskeli au taa ya duka, askari alikaa palepale pa zamani na hakuna mjadala. Ikiwa ni ya mgonjwa, kwa nje ya boksi aliweka swichi moja, kubwa, ya kubonyeza hata kwa kiwiko, ya kumruka askari. Aliwafundisha watu wa nyumba hiyo mmoja mmoja, hadi watoto, na hakuondoka mpaka kila mmoja ameibonyeza mbele yake. "Ikifika hapo betri itakufa," alikuwa akiwaambia. "Iacheni ife." Siku ile ya kupaka rangi hatukuitaja tena, hata siku moja.

Alifariki mwaka jana, usingizini. Baada ya mazishi watu walikaa uani wakimkumbuka, na kinyozi wa mtaa wetu, ambaye anasema sana kama vinyozi wote, akanisogelea na kiti chake.

"Mzee wako alikuwa na mambo," akasema. "Unajua siku ya pili baada ya kumzika mama alikuja kwangu? Nikadhani anataka kunyolewa. Akaniuliza, kinyozi, ile juzi umeme ulirudi saa ngapi? Nikamwambia saa nane na dakika kumi na nane. Hapo siwezi kukosea. Ulikatika nina mteja kichwa nusu, dada yangu, nusu! Kakaa kwangu tangu saa tano amejifunika taulo, anaogopa kutoka nje, kazi yake kutazama saa ya ukutani. Umeme uliporudi akaitaja hiyo dakika kwa sauti mpaka nje wakasikia. Mzee akanishukuru, akaenda zake. Sikumwuliza ya nini. Nikasema ni mambo ya kazi zake."

Siku ya pili baada ya mazishi. Sisi tulipaka rangi wiki ya sita.

Dakika ya kuzima alikuwa nayo tangu nilipompigia simu, kwa hiyo alikuwa anajua kumi na nne alipokaa na ule mpira kiganjani. Alikuwa anaijua mashine ilipopita kumi na nne, na kumi na tano, hadi ishirini na tatu, mimi nikiwa ubavuni nikidhani namfichia. Na alipouliza mbele ya lile kopo la rangi hakuwa anatafuta namba. Alikuwa anataka kujua kama mwanawe, aliyeshindwa na skrubu ya tatu, naye anazo zile dakika moyoni. Nikampa arobaini. Akaipokea kwa mikono miwili, akanirudishia kile nilichokihitaji mimi: kwamba isingetosha, hata kama ningelifungua boksi.

"Nimesema vibaya?" kinyozi akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nikamwongezea chai, nikaenda nyuma ya nyumba kulia.